Nani Kaanika Kanga Porini?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Julai, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Nimejitanda kanga mbili juu ya buibui, mikononi nimevaa soksi za mtoto wa dada yangu kwa kukosa glavu, na meno yanagongana. Ukungu mzito hata dereva aliyesimama hatua nne mbele yangu namuona nusu. Kreta yenyewe, tuliyoichangia pesa mwaka mzima kwa mchezo wa upatu, haionekani hata kidogo. Shangazi hakushuka garini. Aliteremsha kioo kiasi cha vidole viwili, akaniuliza kwa upole ule unaouma kuliko ukali:

"Mwanangu, si wewe uliyesema tusibebe vitu vizito?"

Ndiye mimi. Na aibu zaidi ni kwamba kupanga mabegi ni kazi yangu, au tuseme ipo mlango wa pili na kazi yangu.

Niko mapokezi katika hoteli ndogo ya Mji Mkongwe, mwaka wa kumi na moja sasa. Wageni wetu wengi wanakuja kwa njia moja: kwanza mbuga za Bara, kisha bahari kwetu, au kinyume chake. Ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya vumbi huko porini kwa kawaida haziruhusu zaidi ya kilo 15 kwa mtu, na zinataka begi laini linaloweza kusukumizwa pembeni, si sanduku gumu la magurudumu. Basi sanduku linabaki kwetu, stoo ya chini ya ngazi, na mimi ndiye ninayelifunga kikaratasi cha jina. Wanayafungua pale pale mbele yangu. Wanatoa, wanarudisha, wanaulizana. Nimeona mtu anakwenda Serengeti na jozi tano za viatu na hana kofia hata moja. Nimeona mume na mke wakizozana karibu saa nzima kwa ajili ya mashine ya kukaushia nywele. Na mimi, kwa elimu yangu ya chini ya ngazi, nikawa mshauri: hiki acha, hiki chukua, hiki utakilaani. Wakirudi wananishukuru.

Sasa nagundua kasoro ya elimu ile. Nilikuwa nikishauri watu waliotoka Ulaya na makoti yao mwilini. Kitu cha kujikinga na baridi sikuwahi kumwambia mtu achukue, kwa sababu hakuna aliyekuwa hana. Ushauri wangu wote ulikuwa wa kupunguza. Nilipoupeleka nyumbani kwetu, kwa watu ambao nguo yao nzito kuliko zote ni taulo, nikawapunguzia mpaka wakabaki na kanga.

Sisi visiwani tunavaa kwa upepo. Kaskazi inaingia Disemba na inatukaa kifuani mpaka Machi hivi, na hapo hakuna mjadala: pamba nyepesi, nguo pana, na ukiweza ubadilishe mara mbili kwa siku. Anayekuja Zanzibar Januari au Februari nguo zote za nailoni aziache kwao. Nimewaona wageni wamevaa zile suruali za safari zenye mifuko kumi na zipu magotini, zinazosifiwa kwamba zinakauka upesi. Zinakauka, kweli, lakini kwenye joto letu la kaskazi zinakauka na wewe ndani yake ukiwa umeiva. Shati la pamba la mitumba ya Darajani linazishinda kwa mbali.

Masika nayo ni habari nyengine. Kuanzia Machi mpaka Mei, na Aprili ndiyo kilele, tatizo si kulowa. Kulowa kunakwisha. Tatizo ni kwamba hakuna kinachokauka. Nguo uliyoifua Jumatatu unaivaa Alhamisi na bado kwapani ina ubaridi. Funga kabati siku kumi, kisha lifungue: mkanda wa ngozi umeota ukungu mweupe kama uliopakwa unga, viatu vya harusi vile vile, na nguo zina ile harufu ambayo hata udi hauifukuzi, inachanganyika nayo tu. Mtu akiniuliza aje na viatu gani masika, namwambia yeboyebo. Vya plastiki, vya bei ndogo, unavisuuza bombani na unaendelea na safari. Wanacheka wakidhani natania. Siku ya pili mtaa umejaa maji, na viatu vyao vya ngozi vya bei mbaya vimelala kwenye dirisha la mapokezi, vimejazwa magazeti ndani, vikiomba jua lisilokuja.

Huko Bara wakati huo huo kambi kadhaa zinafunga, na udongo mweusi wa mbugani unanasa magari, kwa hivyo wanaokwenda ni wachache. Sitasema mengi hapo kwa sababu masika ya mbugani sijayaona kwa macho yangu.

Halafu linakuja kusi, na ndani yake kipupwe, Juni mpaka Agosti. Hapa ndipo nilipoangukia. Muulize Mzanzibari yeyote Julai ni mwezi gani, atakwambia mwezi wa baridi. Asubuhi pale Michenzani utawaona wanaume kwenye vespa wamefunga makoti mpaka kidevuni, watoto wa skuli wana masweta, na wazee wanakunywa kahawa ya tangawizi huku wamejikunyata kana kwamba kuna theluji inakuja kutoka Chumbe. Ukitazama kipimajoto kinakwambia nyuzi 22. Hiyo ndiyo baridi yetu. Nikajisemea: baridi naijua, nimezaliwa Wete, nimeishi Unguja, Julai zote nimezipitia na mtandio tu. Na vitabu vyote vya wageni vinauita mwezi huo msimu mkavu. Mkavu, nikaelewa jua. Nikaelewa vumbi. Nikaandika orodha na kumtumia shangazi kwa simu: madira mawili, kanga, ndara, miwani ya jua.

Kumbe ukavu wenyewe ndio unaoleta baridi. Pasipo na mawingu, joto la mchana linapaa zake usiku na ardhi inabaki uchi. Kisiwani bahari inatuhifadhia joto, maji yamekumbata ardhi usiku kucha kama kuku na mayai. Karatu, mji wa jirani na kreta, hakuna bahari. Tena kuna mwinuko. Kwa kila mita 100 unazopanda, joto linapungua kiasi cha nusu nyuzi au zaidi kidogo. Ukingo wa Ngorongoro uko kwenye mita 2,300 hivi. Piga hesabu mwenyewe: kutoka gatini Malindi, Unguja, mpaka pale juu umekwishaacha nyuzi zipatazo 14 njiani, kabla hata hujaulizwa ni kaskazi au kusi. Hesabu hiyo nilielezwa na dereva wetu, kijana wa Karatu aliyevaa koti, sweta ndani ya koti, na shuka la Kimasai juu ya vyote. Alikuwa ametutazama tulipopanda gari alfajiri ile na hakusema kitu. Adabu hiyo mpaka leo sijamsamehe.

Lakini nimeanzia mwisho. Siku mbili kabla tulikuwa Tarangire, na huko kosa lilikuwa la rangi.

Tulikuwa wanne: shangazi, dada yangu, mwanawe wa miaka kumi na saba, na mimi. Kijana huyo alitutia mashakani mapema. Alishuka kwenye nyumba ya wageni amevaa suruali ya mabaka ya kijani aliyoinunua mitumbani maalumu kwa safari, anajiona komando. Dereva alimwita pembeni. "Mdogo wangu, hiyo ivue, tena usiivae popote nchini." Raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na za jeshi, na kusema ulikuwa hujui hakukusaidii ukikutana na mwenye nazo. Nilitahayari, maana wageni ninawaambia hilo kila wiki, na kwenye begi la mtoto wetu sikuchungulia. Akaingia ndani, akatoka na jinzi ya buluu. Basi, tukaona tumesalimika.

Mimi na shangazi tulikuwa na mabuibui yetu meusi. Dada yangu alivaa panjabi ya rangi ya maziwa ya chai, si kwa akili yoyote, ni kwa sababu buibui lake lilimwagikiwa mchuzi kwenye basi.

Tulipita mibuyu, ile mibuyu mikubwa ya Tarangire ambayo tembo wameichimba kwa pembe mpaka imekuwa na mapango, na tembo wenyewe tuliwaona wengi mpaka shangazi akaacha kuwahesabu. Mbele kidogo, mtini kando ya njia, palining'inia vipande vya kitambaa, nusu buluu nusu nyeusi, vikipepea. Baada ya hatua mia mbili, vyengine.

"Nani kaanika kanga porini?" shangazi akauliza.

Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Ile ni mitego, akasema. Mbung'o anapenda buluu na nyeusi, anazifuata kama nzi anavyofuata embe, na kitambaa kile kimetiwa dawa. Hakuwahi kumaliza. Kijana alipiga ukelele, akajipiga paja la jinzi ya buluu kofi la nguvu. Kisha mimi, begani. Kisha shangazi, mgongoni, pahala asipofika. Mbung'o haumi kama mbu, bibi harusi wa kunong'ona. Huyu anachoma na sindano ya kushonea magunia, na inapita kitambaa cha buibui kama hakipo. Ukimpiga hafi, anajikung'uta, anarudi. Ndani ya dakika kumi tulikuwa tumefunga vioo vyote, tunapikwa na jua, tunapigana makofi sisi kwa sisi, na dada yangu amekaa katikati na panjabi yake ya chai hajaguswa hata mara moja, anakula ubuyu.

Hapo ndipo shangazi alipokumbuka. Yeye ameolewa Pete, karibu kabisa na msitu wa Jozani, na mume wake alikuwa na ng'ombe. "Lo! Huyu si ndiye aliyetumalizia ng'ombe!" Unguja nasi tulikuwa na mbung'o, na ugonjwa wa nagana ulikuwa ukiwadhoofisha ng'ombe mpaka mbavu zinahesabika. Kati ya 1994 na 1997 ndege ndogo ilikuwa ikipita juu ya kisiwa ikiwamwaga mbung'o madume waliokuzwa Tanga, waliopigwa mionzi ili wasizae. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani mwake. Akipandwa na dume tasa, mambo yake yamekwisha. Wa mwituni wa mwisho alinaswa Septemba 1996. Shangazi anakumbuka watu wa Pete walivyonung'unika: tunao wa kutosha, na hawa wanatuletea wengine kwa ndege! Leo mgeni anaingia Jozani kuwatazama kima punju na suruali nyeusi, buluu, ya rangi aitakayo, na hakuna kinachomfuata isipokuwa mbu. Nimefanya kazi hotelini miaka yote hii na hadithi hiyo sikuwahi kumhadithia mgeni hata mmoja. Ilibidi nichomwe kwanza.

Tangu siku hiyo nikimwambia mtu rangi za porini namwambia kwa uchungu. Si mambo ya kupendeza pichani. Rangi ya udongo, ya majani makavu, ya chai ya maziwa. Nyeupe inaonyesha vumbi kabla hujafika getini. Nyeusi na buluu mwachie mbung'o na mitego yake.

Hata hivyo nataka nilitetee vazi letu, maana watu wanadhani Mswahili akienda mbugani lazima avae kama mzungu wa kwenye picha. Ukiondoa rangi, nguo zetu zinajua kazi hii zamani. Mikono mirefu, pana, hewa inapita, jua halipiti. Kasoro ya buibui ni pindo: kupanda gari refu lile ukiwa na buibui ni mitihani, mguu mmoja kwenye kipandio, mkono mmoja umeshika mlango, wa pili unakusanya nguo, na huna mkono wa tatu wa kushika heshima. Panjabi ndiyo jibu. Suruali chini, gauni fupi juu, mtandio wa kujifunika vumbi mdomoni. Dada yangu anajisifu nalo mpaka leo, na mchuzi kausahau.

Na kanga. Kanga usiihesabu kwenye kilo, ihesabu kama mtu wa tano safarini. Ilikuwa mswala tuliposali Adhuhuri nyuma ya gari, ilikuwa pazia wakati shangazi alipobadilisha nguo, ilikuwa mto kwenye basi la Arusha, na asubuhi ile ya ukungu ndiyo iliyonizuia nisigande. Ila chukua kanga kuukuu. Kanga mpya ina ule wanga wa kiwandani, inameta, inateleza, ukijifutia maji yanabaki mwilini yakikutazama. Ile iliyofuliwa miaka mitatu, imepauka na maneno yake yanasomeka nusu, ndiyo inayokausha na ndiyo inayoshika joto. Doti moja ukiikata unapata vipande viwili, na vipande viwili ukivipanga kimoja juu ya chengine una blanketi. Mifuko ya plastiki sahau. Kwetu imekatazwa zamani na Bara imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hivyo nguo zenye majimaji nazo zinaviringishwa kwenye kanga.

Manukato pia. Shangazi alizifukiza nguo zetu zote kwa udi usiku wa kuondoka, na kila begi akatia karafuu kidogo za Pemba ili zisinuke safari. Dereva alipofungua buti akasimama kidogo. "Mama, simba watajua mnakuja tangu jana." Shangazi akamjibu ni bora simba wajue tumetoka nyumba ya watu. Ushauri wa kitaalamu ni kutojipaka manukato makali porini. Nauandika kama ulivyo, na namwachia shangazi neno la mwisho.

Kwa anayekuja upande wetu nina maneno mawili matatu tu, maana haya nimeyasema mapokezi mpaka sauti imekauka. Mjini funika mabega na magoti, mwanamke na mwanamume. Kuna watu wanaishi humu, na msikiti uko ukuta kwa ukuta na duka la barafu. Baharini watazame kinamama wa mwani wa Paje na Jambiani. Wamekuwa wakilima mwani pale tangu 1989, wanashinda na jua na maji ya chumvi, na tazama wanavyovaa: mikono mirefu, kichwa kimefungwa, viatu miguuni kwa sababu ya miiba. Mgeni anapita kando yao na kipande cha chupi, na usiku nampelekea mtindi wa kujipaka mgongoni.

Na ukienda Pemba usipange begi la Unguja. Kuna vilima, mvua ni nyingi zaidi, na ukiingia msitu wa Ngezi wakati wa vuli, ile mvua ya Oktoba mpaka Disemba, ndara yako itabaki topeni na wewe utatoka peku. Mimi ni mtoto wa huko na imenitokea.

Asubuhi ile ya Ngorongoro iliisha vizuri, niseme ukweli. Tulipoanza kuteremka kretani, mita kama 600 kwenda chini, ukungu ulipasuka mara moja kama mtu aliyevuta pazia, na chini kukawa na nchi nzima inayong'aa. Kufika saa nne nilivua kanga ya kwanza. Saa tano ya pili. Saa sita shangazi alikuwa anajipepea na kitambulisho chake na anauliza kama hakuna feni humu garini. Siku moja, misimu mitatu, na hakuna hata mmoja unaoandikwa kwenye orodha ya mtu anayefikiri kwa miezi. Dereva wetu alivua shuka, akavua koti, akabaki na sweta lililofungwa kiunoni, na akanitazama kwenye kioo bila kusema neno.

Sasa shangazi anataka kurudi. Amesikia kwamba Februari nyumbu wanazaa upande wa Ndutu, kusini mwa Serengeti, na upatu umemwangukia yeye mwezi huu. Wiki iliyopita alinipigia saa nne usiku, kaskazi imekaza, umeme ndiyo kwanza umerudi.

"Huko Februari ni upepo gani?"

Nikamwambia aache upepo, anitajie mwinuko. Akasema yeye hajui mwinuko, lakini mara hii orodha yangu hataisoma, amekwishanunua. Jumamosi nikaenda Pete. Alikuwa amekaa barazani amevaa sweta la mitumba, zito, shingo ndefu, lina picha za theluji na paa mwenye pembe kifuani. Jasho linamchirizika mpaka kidevuni. Amekataa kulivua mpaka nimpige picha.